Kupika Joto la Lodwar

Trela ilirudi kutoka Lodwar siku ya Jumatatu, mvua ya Julai ikinyesha, na Sista Jepkemboi, muuguzi wa misheni, akashuka kwenye lori kabla injini haijazimwa. Alikuwa akimtafuta fundi aliyesema kiyoyozi kimoja kinatosha.

Fundi mwenyewe, Nderitu, alikuwa amesimama hatua tatu mbele yake, spana mkononi. Hakujificha. Kijana yule hakujua kujificha, wala kunong'ona, wala kusema "sina hakika." Alijifunza kazi ya friji peke yake kwa kufungua mbovu na kuzifunga zikiwa nzima, na jambo alilolijua alilisema kama mtu anayepigilia msumari.

Trela ile ilikuwa nyumba kamili juu ya magurudumu manne. Sehemu yake ya mbele iliinuka kama shingo, na shingo hiyo ndiyo iliyokaa juu ya sahani ya chuma mgongoni mwa lori. Yusuf Nur, mwenye malori na mwenye uwanja huo wa kutengenezea malori kwenye barabara ya Kiplombe, Eldoret, alinunua mbili kutoka kwa Wamarekani waliokuwa wakipima ardhi kule kaskazini. Moja ilipinduka Kainuk, na mabaki yake yalilala nyuma ya uwanja. Nyingine aliwakodisha madaktari wa macho wa misheni. Sebule ikawa chumba cha upasuaji. Chumba cha shingoni, ambacho hupandwa kwa ngazi tatu, kikawa cha wagonjwa.

Mwezi wa Aprili Nderitu alikifufua kiyoyozi cha sebuleni. Alikijaribu papo hapo uwanjani, na baada ya nusu saa waliokuwa ndani walitoka wakiulizia makoti. Akamwambia Yusuf kwamba kile kitapoza nyumba yote na baridi ibaki.

"Ulikijaribu wapi?" Sista Jepkemboi aliuliza.

"Hapa."

"Hapa," alirudia, na mvuke ukamtoka mdomoni kwa ile baridi. "Sawa. Sasa nikuambie ya kule."

Akamweleza bila kupandisha sauti. Sebuleni palikuwa pazuri. Lakini baridi haikupanda zile ngazi tatu, na chumba cha shingoni kilikuwa tanuri. Wagonjwa walilala wamefungwa macho, jasho likawatiririka na kuingia chini ya bandeji. Mzee mmoja jicho lake lilitunga usaha, na daktari aliliosha siku tisa kabla ya kusema limepona. Baada ya hapo daktari aliweka visu chini. Watu sitini walikuwa wanangoja kule, wengine wamekuja kwa miguu wakishikwa mikono, na kazi ilikuwa imesimama.

Yusuf alimwita Nderitu ofisini, chini ya picha ya Rais, akamwambia maneno machache. Lori litaondoka Ijumaa. Kiyoyozi cha pili kiwe kimeingia. Trela ikirudi tena na malalamiko, itapelekwa kwa fundi wa Nakuru, na kibanda cha Nderitu pale uwanjani kitapata mtu mwingine. Siku nyingine Nderitu angejibu, tena kwa moto. Siku hiyo alisema "sawa, mzee" na akatoka. Kibanda angeweza kutafuta kingine. Lililomkaa rohoni ni jicho la yule mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Akaanza kwenye mabaki ya ile trela ya Kainuk. Kiyoyozi chake kilikuwa kimeumia bati la juu tu. Alisafisha mapezi yake, zile bati nyembamba za kupitishia hewa, kwa mswaki, akabadilisha feni, akakisikiliza kikizunguka hadi akaridhika. Juu ya chumba cha shingoni kulikuwa na tundu la kupitishia hewa, na alipolipima akacheka peke yake: lilikuwa sawasawa na lile la sebuleni, inchi kumi na nne kila upande. Hakuwa na haja ya kukata paa. Lakini paa lenyewe lilikuwa jembamba na mzigo wake kilo arobaini na zaidi, kwa hiyo alipitisha vyuma viwili chini ya dari kuubeba. Akalaza mpira wa kuzuia maji kuzunguka tundu, akakiweka kiyoyozi juu yake, akakaza boliti kidogo kidogo kwa zamu, maana mpira ukibanwa sana hupasuka na ukilegezwa huvuja. Akavuta waya mpya mnene kutoka kwenye jenereta. Usiku wa Jumatano mvua ilinyesha yote iliyokuwa nayo, na asubuhi dari lilikuwa kavu.

Ikabaki kukijaribu. Hapo ndipo kiburi chake kilipokwama. Eldoret mwezi wa Julai hata ndoo ya maji hupoza chumba. Angejuaje?

Akapanda hadi mtaa wa Pioneer, nyumbani kwa Yusuf, akabisha kwa Mama Habiba, mama yake Yusuf, aliyekuwa na duka Lodwar kwa miaka ishirini na miwili kabla ya mwanawe kumleta mjini. Akamwomba aje kumpimia joto.

"Nimekuwa kipimo cha hospitali?" Mama Habiba alisema. Lakini alikuwa tayari anatafuta viatu.

Kipyego, aliyepinda springi za malori kona ya uwanja, aliwasha tanuri lake na kuchoma ngoma nane za breki hadi zikawa nyekundu. Nderitu hakutaka jiko la makaa mle ndani, moshi wake ungemuua mama wa watu. Alibeba zile ngoma kwa koleo, akazitandaza kwenye karai za mchanga, sebuleni nne na shingoni nne, akafunga madirisha. Mama Habiba aliketi kwenye kitanda cha mgonjwa, mtandio mabegani, kama abiria.

Baada ya muda Nderitu aliuliza kutoka nje ya dirisha joto limemfikisha wapi kwenye barabara ya Lodwar.

"Ortum," mama alijibu. "Ongeza."

Akaongeza ngoma mbili. Akauliza tena.

"Kainuk. Hapa ndipo watu huvua sweta." Na baadaye, sauti ikiwa imelegea kidogo: "Lokichar." Kisha Nderitu alibandika sikio kwenye kioo, mpaka sauti ikatoka: "Haya kijana, hii ni Lodwar. Saa nane mchana, na mbuzi wamelala. Washa vitu vyako."

Nderitu akabonyeza swichi zote mbili pamoja. Jenereta ikaguna, ikakohoa mara mbili, ikazima. Taa ndani zikafa.

Akajaribu tena. Ikazima tena. Akasimama mvuani akifikiri. Kiyoyozi kinapoamka hudai nguvu nyingi kuliko kinapokwenda, na hivi viwili vilidai mara moja. Akawasha cha sebuleni, akahesabu polepole hadi mia, mlio ulipotulia akawasha cha shingoni. Jenereta iliinama kidogo, ikanyanyuka, ikaenda.

"Tumerudi Lokichar," Mama Habiba alisema baada ya robo saa. Kisha Kainuk. Kisha Ortum. "Tukifika Kitale unifungulie. Eldoret nimeshaiona."

Alikuwa akifuta uso alipotoka, na akamtazama fundi. "Ile taa ilizima mara mbili," alisema, akaenda kukaa kwenye kibanda.

Saa kumi Yusuf na Sista Jepkemboi walikuja. Viyoyozi vyote viwili vilikuwa vinavuma. Sista alipanda zile ngazi tatu, akanyoosha kiganja chini ya dari, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akatabasamu. Yusuf akasema kwamba basi, kazi imekwisha.

Ingetosha kunyamaza. Mama Habiba alikuwa anakunywa chai akitazama mvua, wala hakuonyesha kwamba angesema neno.

"Haijaisha, mzee," Nderitu alisema. "Vikiwashwa pamoja jenereta inazima. Na taa ya daktari inazima nayo."

Tabasamu la sista likaondoka. "Akiwa ameshika kisu."

"Akiwa ameshika kisu. Jenereta kubwa zaidi hatuna, na hadi kesho haitapatikana. Lakini kimoja kikitangulia na kingine kikingoja, vyote vitaenda. Nimevijaribu ndani ya joto lenyewe. Uliza Mama."

"Lodwar kabisa," Mama Habiba alisema.

Yusuf alimtazama fundi wake kana kwamba anamwona leo. Sista aliwaza kidogo, akasema yeye atakumbuka, lakini kule wako wauguzi wanne wanaopokezana na mpishi anayegusa kila swichi. Karatasi ukutani hakuna aisomaye.

Nderitu akachukua rangi nyekundu ya kuandikia majina ya malori. Tangu utoto alikuwa akipanga maneno kwa mizani, akihesabu kwa vidole, na hakuwa amemwonyesha mtu. Aliandika juu ya swichi zenyewe, herufi za kiganja kizima:

*Sebuleni tangulia, hesabu mpaka mia,*
*Ndipo ya chumba washia, injini tavumilia.*

Sista aliisoma mara moja, akageuka, akaikariri bila kutazama. "Hii itakaa kichwani," alisema. "Hata kwa mpishi."

Asubuhi ya Ijumaa Yusuf alimwambia Nderitu apande lori. Safari hii joto alione kwa ngozi yake. Mama Habiba alikuja kuwaaga, akamkuta amevaa sweta zito la sufu.

"La nini hilo? Unakwenda kuliuza?"

Alilivua walipofika Kainuk. Lokichar alivua na shati. Siku yao ya pili kule Lodwar, saa nane mchana, mbuzi walikuwa wamelala kweli. Chumba cha shingoni kilikuwa na wagonjwa wanne waliopasuliwa asubuhi kabla ya joto, wamefungwa bandeji. Sista alibonyeza swichi ya sebuleni na kuanza kuhesabu kwa sauti. Ilipofika thelathini wagonjwa walikuwa wanahesabu naye. Nderitu hakuhesabu. Alikuwa akiitazama taa ya daktari bila kupepesa.

Mia. Swichi ya pili ikabonyea. Taa ikafifia kwa muda wa kupepesa jicho, ikarudi.

Baada ya saa moja mzee aliyelala karibu na ngazi alijikunja. Lililofungwa safari hii lilikuwa jicho lake la pili. La kwanza, lililooshwa siku tisa, lilikuwa wazi na linamtazama Nderitu.

"Ninyi watu," mzee alisema, "humu mnatuua na baridi."

Nderitu akalifungua begi lake, akatoa sweta, akamfunika.