Kura ya Uwanja wa Betri

Wiki ya Krismasi Kariakoo inabaki kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele. Duka hili wazi, matatu yanayofuata makufuli. Ukiuliza mwenye duka yuko wapi, unajibiwa, "Amekwenda kuhesabiwa." Ndivyo watani wanavyowasema Wachaga: kila Desemba lazima warudi Kilimanjaro wakahesabiwe, na asiyefika anafutwa kwenye ukoo.

Mwaka huu Tarsis hakwenda. Yeye na wenzake wa kikundi cha wauza vyombo walikuwa na vizimba vya biashara pale mtaa wa Gerezani, kwenye kiwanja cha kiwanda cha betri kilichokufa zamani. Walikaa kikao wakamchagua abaki, na sababu hawakuzificha: hana mke, hana mtoto, mdomo anao.

"Wewe ukisema, tumesema wote," Onesphory, mwenyekiti wao, alimwambia huku akikaza kamba ya boksi la zawadi. "Harusini si unaongea mpaka bibi harusi anasinzia?"

"Basi mniletee paja la mbuzi."

"Tutakutumia picha."

Alichoachiwa kukisemea ni kiwanja chenyewe. Kiwanda kilipokufa kiliacha sumu ya madini ya risasi ardhini, na wao walipanga masufuria juu yake miaka nenda rudi bila kujua. Ilijulikana siku watoto wa nyumba za jirani walipopimwa damu. Serikali ikatoa fedha. Mabati yakazungushwa, udongo ukachimbwa mpaka mchimbaji akazama mabega, malori yakauhamisha, ukaletwa mwingine, mwekundu, safi. Wauza vyombo wakatawanyika kama mbaazi zilizomwagika: Onesphory Buguruni, Candida Magomeni, na Tarsis kibarazani kwa muuza vitenge asiyependa maneno.

Njaa haikumsumbua. Masufuria yanauzwa popote. Ila kule kiwanjani alikuwa akirusha utani kizimba cha kwanza, unapita mdomo kwa mdomo hadi cha mwisho, halafu unamrudia umeshageuka tusi. Akisikia hilo tusi, siku imekamilika. Pale kibarazani alijaribu kumtania mteja mmoja, mteja akaweka sufuria chini, akaondoka amenuna. Tangu hapo Tarsis akawa anataja bei tu, kama mzani.

Sasa kiwanja kimesafishwa, na mradi wa serikali uliokisafisha umeitisha mkutano kuamua kwa kura: virudi vizimba, au kiwe uwanja wa watoto. Wauza vyombo waliijua tarehe. Lakini kwenye kikundi chao, mmoja akitumwa amesema kwa wote, na hakuna aliyefikiri kwamba serikali inaweza kuhesabu kwa namna nyingine.

Tarsis alivaa shati la harusini. Ndani ya mabati alikuta viti vya plastiki vimejaa watu wa mtaani: akina mama, wazee wenye kofia, vijana wachache. Kwenye safu waliyotengewa wafanyabiashara alikaa peke yake, viti vitupu kulia na kushoto.

"Shikamoo, Bi. Shamsa," alimsalimia mama aliyekaa mbele yake, ambaye ukuta wa nyumba yake unagusana na kiwanja.

"Marahaba, mwanangu. Wenzio wako wapi?"

"Wamenituma mimi, Bi. Shamsa."

"Wamekwenda kuhesabiwa kwao," alisema mama yule, "na huku nako ndiyo tunahesabiwa."

Watu wakacheka. Tarsis naye akacheka, na kifua kikamfunguka. Aliposimama kusema, maneno yalimjia yenyewe. Aliwauliza harusi gani ya Gerezani imewahi kupikwa bila sufuria yake, akamwiga muuza vitenge anavyokunja uso, mzee mmoja akashika mbavu. Kwa dakika hizo chache alikuwa tena na watu.

Bi. Shamsa alisimama baada yake, taratibu.

"Kijana ametuchekesha, Mungu amlipe. Mimi nina mjukuu, Abdulatif. Damu yake ndiyo ile iliyopimwa. Mwalimu anamfundisha asubuhi, mchana hana hata neno moja kichwani. Nataka pahali atakapoanguka akicheza nisiogope kilichomgusa. Basi."

Akakaa.

Evelyn, afisa wa mradi, akasema wanaotaka vizimba wanyooshe mikono. Tarsis haraka akampigia Onesphory, akaiweka simu kwenye spika.

"Wote tunataka vizimba!" simu ikapiga kelele. "Tuko wote hapa!"

"Simu haina mkono, kaka," alisema Evelyn kwa upole. "Tunahesabu waliofika."

Tarsis akakata simu. Alimtazama Bi. Shamsa kisogoni, khanga imemteleza kidogo. Kama angekuwa mtu wa mtaa huu, alijua angenyoosha mkono kwa upande upi. Lakini alitumwa. Akanyoosha mkono, na hakuna mwingine uliopanda. Mikono ya uwanja wa watoto ilipokuja, Evelyn alitupa jicho mara moja tu, hakuhitaji kuhesabu.

Watu waliondoka wakimpa mkono kama mfiwa. Alikuwa bado kitini simu ilipoita.

"Vipi, tumepita?" Nyuma ya sauti ya Onesphory kulikuwa na watoto, muziki, mtu anapasua kuni.

"Tumeshindwa. Panakuwa uwanja wa watoto."

Kicheko kikalipuka upande wa pili.

"Nimewaambia atasema hivyo! Candida, hebu msikie huyu."

"Tarsis," alisema Candida, "kizimba changu kiwe karibu na geti."

"Dada, sitanii. Hakuna kizimba."

"Haya, na mimi nimeolewa na mkuu wa mkoa!"

Alisema mara ya tatu, polepole, kwa sauti ya msibani. Hawakuwahi kumsikia akiitumia, na hiyo ndiyo iliyowavunja mbavu kabisa. Simu ikapita mkono hadi mkono, kila mmoja akimwomba airudie.

Hakukata simu. Vijana wa kukusanya viti walifika kwenye safu yake, wakasimama wakimsubiri. Tarsis akanyanyuka, akawasukumia kiti kwa mguu, akabaki amesimama juu ya udongo mwekundu, simu sikioni, akiwasikiliza wakicheka.