Upinde wa Mkono wa Kulia

Fundi vioo hakuwa mtu wa kuuliza. Kipimo alikuwa nacho kiunoni, jicho alikuwa nalo usoni, na watu waliompelekea madirisha yao yaliyovunjika walirudi wakisema kuwa yule bwana akitamka kioo kitaingia, basi kitaingia. Mtu aliyezoea kuaminiwa namna hiyo utamshauri nini? Siku binti yake alipomweleza kuwa kumeanzishwa klabu ya upinde na mishale, na kwamba mwalimu wake amemwona ana utulivu unaoufaa mchezo ule, fundi alivimba kichwa nusura kofia impasuke. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wao wa pekee, na hakuwa mwombaji. Lile lilikuwa jambo la kwanza kwa muda mrefu alilolitaja mezani bila kuulizwa. Fundi akaapa kuwa upinde wa kwanza wa mwanawe atauchagua yeye mwenyewe.

Akampima kama anavyopima dirisha. Alimwambia anyooshe mikono, eti anataka kujua kama amemshinda mama yake kwa urefu, akavuta kipimo kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole cha pili, kisha akajifanya amesahau kwa nini alikivuta. Mkewe alikuwa pembeni akipiga pasi koti lake jeupe la duka la dawa. Akamwambia kuwa mtoto si mlango, ampeleke akachague kwa mikono yake. Fundi akajibu kuwa zawadi ya kuchaguliwa na mpewa si zawadi, ni manunuzi.

Kwenye duka la vifaa vya michezo, nyuma ya mipira na raketi, pinde zilitundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa. Muuzaji, mama mmoja mtu mzima asiye na haraka, alimweleza yote. Urefu wa upinde hufuata urefu wa mikono. Ugwe, yaani ile kamba inayovutwa, usiwe mgumu, kwa sababu anayeanza na upinde mgumu hujifunza kutetemeka kabla ya kujifunza kulenga. Haya yote fundi aliyakubali, maana yalikuwa mambo ya vipimo. Kisha muuzaji akamuuliza mpigaji ni wa mkono gani. Upinde una upande wake, akasema. Ule wa mkono wa kulia hushikwa kwa mkono wa kushoto na ugwe ukavutwa kwa wa kulia, na pale mshale unapoegemea pamechongwa upande mmoja tu. Halafu kuna jicho, nalo lina upande wake. Ingekuwa vizuri zaidi amlete mtoto.

"Wa kulia," fundi akasema. "Nyumbani kwangu hakuna wa kushoto."

Alilisema kwa majivuno, kama mtu anayekutangazia kuwa nyumbani kwake hakuna kunguni. Na ajabu ni kwamba hakuwa anadanganya. Kazi aliyoifanya zamani aliifanya vizuri mno hata akaisahau.

Binti alizaliwa wa kushoto. Alipoanza kushika kijiko alikishika kwa kushoto, na alipopewa penseli, kushoto. Siku moja alimpelekea shangazi yake glasi ya maji kwa mkono huo huo, na shangazi, ambaye ni dada mkubwa wa fundi na ulimi wake ni wembe, akaiacha glasi inaning'inia hewani mpaka mtoto abadilishe. Kisha akamuuliza kaka yake, mbele ya wageni, kama pale ndani analea mtoto au anafuga mbuzi. Fundi aliona haya hadi masikio yakamwaka. Samaki mkunje angali mbichi, akajiambia. Akachukua soksi yake mwenyewe, akamvika mtoto kwenye mkono wa kushoto, akaifunga kifundoni kwa selotepu ya kazini, ile pana isiyofunguka kirahisi. Ilikuwa wakati wa kula na wakati wa kuandika. Mama mtu aliteta, akanuniwa, akachoka kununiwa. Mtoto alilia, akamwaga mchuzi, akaandika maandishi ya kuku aliyepita kwenye tope, na mwisho akanyamaza. Ikafika mahali ukimwita mezani anakuja na mkono ameshaunyoosha mbele, tayari kufungwa, bila kuambiwa. Fundi aliwasimulia wateja kisa hicho huku akicheka, akisema dawa ya ukaidi ni soksi moja tu. Soksi ilipovuliwa, mtoto alikuwa wa kulia kama watu wengine, na mambo yakaisha. Yaliisha kwa baba, yaani.

Basi upinde ukanunuliwa, ukaletwa umefungwa kwa karatasi, na binti alipoufungua alimkumbatia baba yake mpaka kile kipimo cha kiunoni kikawachoma wote wawili. Ulikuwa upinde mzuri kweli, mwepesi, mti wake laini kama kiganja. Fundi alitembea juma zima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Klabu ilikutana kwenye ghala la zamani. Mwisho wa ghala yalisimamishwa mabunda ya majani makavu, na kila bunda lilibandikwa karatasi yenye duara ndani ya duara, la katikati likiwa la njano. Nyuma yake kilitundikwa chandarua kizito cha kudaka mishale iliyopotea. Wazazi waliopenda walikaa kwenye benchi ukutani. Fundi alifunga karakana yake kila Jumamosi asubuhi ili aje kukaa pale, na kwa kweli hakuna aliyekaa amenyooka kuliko yeye.

Lakini mishale ya binti ilikwenda kushoto. Yote. Mmoja ulichoma ukingo wa karatasi, mwingine ukachoma majani matupu, mwingine ukaishia kwenye chandarua. Watoto waliokuja nyuma yake wakaanza kupata rangi, wengine wakagusa njano, naye bado anakwenda kuchomoa mishale yake chandaruani kama mwanamke anayeanua nguo. Dereva wa teksi, ambaye binti yake alikuwa kwenye mstari huo huo, akatania kuwa mishale ya huyu mtoto inatafuta mlango wa kutokea. Fundi akacheka kwa meno, macho hayakucheka. Kila Jumamosi utani ule ulimkaa moyoni, na kwa kuwa hakuwa na la kumjibu dereva, hasira akampelekea mtoto. Njiani kurudi nyumbani alimwambia akaze mkono. Alimwambia afumbe jicho, afumbue jicho, aache kuota. Mtoto akaitikia ndiyo, baba, kwa kila agizo, hata yale yaliyopingana.

Jumamosi moja mshale ulikwenda kushoto mpaka ukaingia kwenye karatasi ya jirani. Watoto wakacheka. Fundi akajikuta amesimama, na sauti yake ikajaa ghala lote.

"Upinde nimekununulia mzuri kuliko wa yeyote humu. Mkono unao. Kinachokosekana ni akili."

Binti aliinamisha kichwa akasema, "Samahani, baba."

Mwalimu wa klabu, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, alikuja polepole. Hakwenda kwa fundi. Alikwenda kwa mtoto, akamwambia aweke upinde chini, anyooshe mikono mbele na kuacha tundu dogo kati ya viganja, aitazame taa ya mbali kupitia tundu hilo, kisha arudishe mikono usoni taratibu bila kuipoteza taa. Tundu likaja likatua kwenye jicho la kushoto. Wakarudia, likatua pale pale. Mwalimu akawaeleza watoto wote, na benchi likasikia, kuwa kila mtu ana jicho linalotangulia lenzake. Huyu mwenzenu, akasema, jicho lake linaloongoza ni la kushoto na anavuta kwa kulia, kwa hiyo jicho linasema huku na mkono unakwenda kule. Si uzembe. Hata mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Kisha akasema njia zipo mbili. Kama mtoto ni wa kulia wa kuzaliwa, watamfunika jicho la kushoto kwa kitambaa, na ataendelea na upinde wake. Kama ni wa kushoto, basi upinde si wake, na kabatini mna wa mkono wa kushoto. Kumfunika jicho mtoto wa kushoto, akasema, ni kumpotezea miaka.

"Wewe ni wa mkono gani?" akamuuliza. "Si wa kuandikia. Wa kuzaliwa nao."

Binti alimtazama baba yake, mara moja tu.

"Wa kulia, mwalimu. Tangu zamani."

Alilisema vizuri, kwa sauti iliyonyooka, na fundi alihisi uso unamshuka. Alikuwa amejiandaa kushtakiwa. Hakuwa amejiandaa kusitiriwa, tena na mtoto ambaye yeye mwenyewe alitoka kumwambia mbele za watu kuwa hana akili. Dereva wa teksi akamgusa kiwiko kumpa pole, akamwambia kumbe ni jicho tu, ndugu yangu, jicho halina lawama. Hapo mlango ulikuwa wazi. Mwalimu akageuka kumtazama yeye, kama mzazi, athibitishe. Na fundi vioo, mtu asiyekosea kipimo, akatikisa kichwa kuwa ndiyo, mtoto ni wa kulia.

Aibu nyingine humjia mtu baadaye, akiwa peke yake. Hii haikungoja. Ilimshika pale pale, kichwa kikiwa bado kinatikisika, akatamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi haina huruma hiyo.

Mwalimu akaleta kitambaa cheusi chenye mpira wa kuzungusha kichwani. Hakuwa hata ameukunjua ule mpira. Binti alisimama wima, akafumba macho, akasogeza uso mbele na kuutuliza hapo, tayari kufungwa, bila kuambiwa.

Fundi aliuona ule uso. Aliwahi kuuona mezani kwake, mara nyingi sana, na wakati ule alikuwa ameuita adabu.

"Mfungue," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, na mwalimu akamwambia bado hajamfunga.

"Basi usimfunge. Mpe ule wa kushoto."

Mwalimu akauliza amsikilize nani sasa, baba au mtoto.

"Mtoto anasema ninachopenda kusikia. Amezaliwa wa kushoto," fundi akasema. "Huo mkono niliufunga mimi."

Wazazi wa benchini wakatazama pembeni. Dereva wa teksi akakagua viatu vyake. Fundi angefurahi kama mmoja wao angemtukana, hata tusi dogo, apate pa kushika. Wote wakamwachia yale maneno yake mwenyewe.

Upinde wa kabatini ulikuwa mkongwe, mpini umezungushiwa tepu iliyochakaa. Binti aliushika kwa mkono wa kulia, na vidole vya kushoto vikaenda kwenye ugwe vyenyewe, bila kutafuta. Mabega yakatulia. Mwalimu hakuwa na la kumrekebisha. Akaanza kuvuta, akavuta hadi nusu, halafu macho yake yakateleza kuelekea kwenye benchi, na mkono wa kushoto ukaachia taratibu ukashuka. Akahamisha upinde, akataka kuvuta kwa kulia. Mwalimu akamrudisha. Akaanza tena, akafika nusu, akatazama benchi, mkono ukashuka.

Fundi akaona amsaidie. Akatabasamu kwa upole wote aliokuwa nao, akamwambia, "Vuta tu, mwanangu. Sasa nimekuruhusu."

Kwa sauti ile mkono wa kushoto ulikimbia kabisa, ukajificha nyuma ya sketi.

Wakatazamana. Binti mwenyewe alionekana kushangaa mkono umefikaje huko, na uso ukamwiva kama aliyefumaniwa, yeye ambaye hakuwa na kosa lolote. Fundi akafungua mdomo kumwambia neno jingine la upole, akaufunga. Aliinuka, akageuza mwili mzima, akasimama ameutazama ukuta wa ghala kutoka karibu, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Kila Jumamosi alikuwa amekuja pale kwa ajili ya kuona kitu kimoja tu, na alijua ndicho kinachokaribia kutokea nyuma ya mgongo wake.

Kisha akasikia ugwe, akasikia mshale ukigota mahali imara, na watoto wakiguna kwa mshangao. Akasikia mwalimu akisema vizuri, haya, mwingine.

Dereva wa teksi akamshika bega. "Geuka bwana, uone mwanao anavyopiga."

"Acha," fundi akasema, macho ukutani. "Nikigeuka, atahamisha mkono."