Harira Kwenye Habari

"Baba, mashine haikosei," Fouad alisema, rimoti mkononi, kifua mbele. "Jina lipo, kipindi hakimo. Watu wa televisheni ndio waliotudanganya."

Mzee Hammou, baba mkwe wa Fouad, aliendelea kukitazama kioo. Maisha yake yote ameshona viatu vya ngozi hapa Salé, na jioni hiyo baada ya futari, Ramadhani ya kwanza tangu mkewe Mennana afariki, alitaka kitu kimoja tu: kuisikia sauti yake. Ramadhani iliyopita televisheni ilimwonyesha akifuma zulia, akiwafokea wapiga picha wasimkanyagie nyuzi. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

Na aliyekabidhiwa kuitunza ndiye huyo Fouad. Mola atunusuru! Alileta seva yake, kisanduku cheusi cha kurekodi televisheni, akaiweka sebuleni kwa mzee na kuutangazia mtaa mzima, utadhani kaiunda yeye. Kila kipindi, alitufundisha sisi majirani, mashine hukiwekea mafaili mawili madogo pembeni: moja la maneno, yaani jina, tarehe na maelezo, la pili la picha moja iliyochotwa ndani ya kipindi chenyewe. Hakuna haja ya kufungua, alisema, unasoma jina, basi. Huyo ni mtu wa kununua samaki kwa kusoma gazeti walilofungiwa.

Basi akasoma majina. Chini ya "Wafumaji" alikuta katuni, akailaumu televisheni. Asubuhi hiyo hiyo, ili mpira wake upate nafasi, alikuwa amefuta vipindi vyote vya mapishi. Ya nini, alisema, na wapishi wamo humu ndani?

Ghizlane, mke wa Fouad na binti wa mzee, akamwomba awaonyeshe basi hata habari za siku ile, siku ambayo mama alikuwa hai. Fouad akabonyeza "Habari". Akatokea mwanamke mnene anakoroga chungu cha harira, supu yetu ya kufuturu.

Hapa Morocco hata mtoto anajua kwamba Ramadhani ikiingia saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja. Mwaka jana sote tulirudisha. Bwana mjuzi hakurudisha ya mashine yake, ikawa inarekodi saa moja mapema, na mwezi mzima kila kipindi kilivaa jina la kinachokifuata.

Hammou akaweka chini bilauri ya chai. "Mwanangu," aliuliza taratibu, "kama harira imo kwenye habari, kwenye harira alikuwemo nani?"

Siku ya Fouad kuumbuka niliingojea kwa miaka, na ilipofika sikuifurahia hata kidogo. Fouad akanong'ona kwamba kilichofutwa asubuhi hakirudi. Yamebaki yale mafaili madogo tu, na hayo hayana maana.

"Nionyeshe."

Akabonyeza. Ikajaa kwenye kioo picha moja, imetulia tuli: Mennana mbele ya kitanda chake cha kufumia, mdomo wazi katikati ya neno, kidole kimewanyookea watu wa kamera. Chini yake pameandikwa: Harira ya dengu, kwa watu sita.

Ghizlane akaanza kulia. Fouad akanyoosha mkono azime, lakini mzee akamzuia. Akauvuta mto wake hadi mbele ya televisheni, akakaa, akaegemeza sikio kwenye kioo.