Vilengeo vya Shangazi

Zilikuwa zimebaki sahani mbili doa jekundu lilipopotea. Sahani nane za chuma zilipangwa mbele ya tuta la udongo. Sita nilikwisha kuziangusha, moyo unanidunda mpaka kwenye meno, na kwenye timu ya taifa ilibaki nafasi moja tu. Nilitazama kile kioo kidogo kilichofungwa juu ya bastola yangu, pale ambapo doa la mwanga huonyesha risasi itatua wapi. Niliona udongo mtupu.

Wiki tatu kabla ya hapo niligombana na shangazi kuhusu urefu wa vyuma viwili vidogo.

Shangazi alikuwa fundi wa bunduki na mlengaji, na ndiye aliyenifundisha kulenga. Mimi nilitaka vilengeo vya chuma, kile cha mbele na kile cha nyuma vya kulengea kwa jicho, viwe vifupi, vijifiche kabisa chini ya kioo, nibaki na doa langu peke yake. Nililipenda doa lile kama mtu anavyopenda simu mpya.

"Na likizimika utalenga kwa nini, kwa dua?" aliuliza.

"Halizimiki, shangazi. Betri inakaa mwaka mzima."

"Haya."

"Haya" ya shangazi ilikuwa mbaya kuliko tusi. Aliingia chumba cha nyuma akarudi na jozi ya vilengeo virefu, vimefungwa kwenye kitambaa. Alipovifunga kwenye bastola yangu vilifika katikati ya kioo. Tukatoka uwanjani nyuma ya karakana, nikajaribu, nikawa mzito ajabu: kila risasi nilisubiri doa litulie juu ya chuma cha mbele, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Shangazi alicheka mpaka akavua miwani.

"Vifupi havitakuokoa, virefu vinakuchelewesha. Tuvipunguze."

"Vya kati hakuna?"

"Mpaka viagizwe. Mashindano yatakusubiri?"

Akachukua tupa. Chuma kikishasuguliwa hakirudi, nami nilijua.

"Shangazi, ukizidisha je?"

"Nyamaza nisikie."

Akisugua cha mbele, risasi zinapanda; akisugua cha nyuma, zinashuka. Alisugua, nikapiga, tukaenda kutazama matundu kwenye karatasi, tukarudi. Asubuhi nzima. Aliacha pale ncha zilipoonekana chini kabisa ya kioo.

"Vichungulie tu," alisema. "Visikae sebuleni."

Basi siku ya mashindano doa halikuzimika hata kidogo. Nilikuwa nimelififisha mwenyewe nikiwa bandani, kivulini, kwa sababu liling'aa mno. Wingu lilipoondoka, jua likalimeza. Kosa la kijinga kabisa, na mbele za watu! Lakini pale chini ya kioo vyuma vya shangazi vilikuwa vinachungulia. Nikavilinganisha, nikavuta. Ya saba ikalala. Nikavuta tena, nayo ya nane ikaanguka, na mwamuzi aliposoma muda niliruka kama mtoto. Nafasi ilikuwa yangu.

"Halizimiki, eti," shangazi alisema, akinikumbatia mpaka mbavu zikauma.

Wiki iliyofuata nilikuwa nampangia kabati la chumba cha nyuma. Humo nikakuta bastola yake, pacha wa yangu, ile aliyoshindania kila mwaka. Mwaka ule hakujiandikisha; aliniambia macho yamechoka. Juu ya bastola, mbele na nyuma, palikuwa na mifereji miwili mitupu, pale vilengeo vinapofungwa.

Nililia palepale, bila aibu, kisha nikampelekea mezani.

"Shangazi, macho yako yana nini?"

"Hayana kitu." Hakuacha kufuta mafuta kwenye kazi ya mteja. "Vyangu nimeshaagiza. Vikifika, utanipunguzia wewe."

Vilifika baada ya miezi miwili. Nikavibana kwenye jiliwa, nikashika tupa, furaha na woga vimenijaa kifuani. Shangazi alisogea, akainama begani kwangu.

"Ukizidisha je?"

"Nyamaza nisikie," nikamwambia.