Dhahabu Yenye Nywele

Umeme ulikatika Bwera asubuhi, kompyuta ya Ithungu ikabaki inahema kwa betri. Bibi yake, Bulandina, aliipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Tangu Jumapili kompyuta ilikuwa ikipiga hesabu za vipande vya dhahabu, vidogo kuliko kijidudu cha malaria, vilivyovikwa nyuzi laini kama nywele za kubebea dawa. Kwenye maji makali kama ndimu, nywele hujikunja na kuibana dawa. Ukali ukipungua, husimama na dawa hutoka. Kesho Ithungu angewaonyesha walimu wake Kasese. Kompyuta ikizimika kabla ya kumaliza, kazi yote ingeanza upya, maana alisahau kuiagiza ihifadhi hesabu njiani.

"Dhahabu yangu inaondoka, Bibi," alilalamika.

Resty, jirani, alisikia kutoka uani kwake. Hapa mpakani na Kongo neno hilo lina miguu. Chai haijachemka, afande Omara alikuwa mlangoni.

"Dhahabu ya Kongo iko wapi?"

"Iko hapa, baba," Bulandina akamwonyesha kioo cha kompyuta. Vimviringo vya njano vilikuwa vikielea, vimejaa nywele.

Omara alikitazama kioo mbele, kisha akachungulia nyuma yake. "Hii ni ushahidi. Zima, nabeba."

Ithungu akafumba macho. Bulandina akamsogezea afande kiti.

"Ukizima, mwanangu, dhahabu yote inapotea. Wakubwa utawaonyesha nini?"

Omara akafikiri. "Basi nakamata ikiwa macho."

"Kwenu kituoni sola iko?" akauliza Bulandina.

"Iko."

Wakaenda. Omara aliibeba wazi juu ya viganja, kama trei ya mayai. Ithungu alifuata na waya, Bulandina na chupa ya chai. Resty, uso chini, alikuja na mwavuli akaikinga kompyuta na jua mpaka kituoni. Bulandina aliliona hilo, akammiminia chai wa kwanza.

Omara alichomoa redio yake mwenyewe akachomeka kompyuta. Kisha akakaa kuilinda. Maji ya kwenye kioo yalipopungua ukali, nywele zikaanza kuinuka, isipokuwa za kimviringo kimoja pembeni.

"Huyu ni mvivu," akasema Omara. "Wewe, mguu sawa."

Nywele zikasimama. Omara akavua kofia, akapapasa kipara chake.

"Dawa hii, kwa kichwa ya mutu inafanya?"

"Ni ya tumboni, afande," akajibu Ithungu.

"Ya tumboni na iko na nywele," akanung'unika, akavaa kofia.

Hesabu zikaisha mchana. Ithungu alihifadhi kila kitu mara mbili, akamkumbatia bibi yake mpaka chai ikamwagika. Omara akamkabidhi kompyuta kwa mikono miwili.

"Imeachiliwa. Kesho uambie walimu, ilikaa rumande, lakini hatukuipiga."