Mume wa Jukwaani

Verdiana alianza kuigiza Kilosa akiwa msichana, enzi shamba la mkonge lilipokuwa na kikundi chake cha maigizo. Akaitwa Dar es Salaam kucheza filamu ya serikali, nchi ikamjua. Kisha zikaja zama za kila mtu na lake. Shamba likauzwa, kikundi kikatupwa kama maganda, na mama wa watu, mvi kichwani, akawa anachezea walevi kwenye mabaa ya Mikumi. Aliyebaki naye ni Theodory, mumewe wa jukwaani kwa miaka ishirini. Nje ya jukwaa hawakuwa mume na mke, ila hakuna aliyemjua Verdiana kama yeye.

Jumapili ile alasiri Theodory alicheza mlevi anayempiga mkewe. Kofi lake lilipita hewani. Mlio ulitoka kwenye viganja vya Verdiana mwenyewe, alivyovigonganisha chini ya khanga. Akaanguka, akalia. Baa nzima ikaguna.

Ndipo Kasian, dereva wa lori aliyesimama kula tu na kuacha injini ikinguruma nje, akapanda jukwaani. Vigelegele vikapigwa, watu wakidhani anakwenda kuwatunza waigizaji.

"We mzee, mwanamke mtu mzima unampiga hivyo?"

"Kaka, tunaigiza!"

"Kaigizie kuzimu!"

Spana ya magurudumu ikatoka nyuma ya shati. Pigo la kwanza likavunja taya la Theodory, la pili likampasua kichwa.

Verdiana akapiga yowe. "Jamani, anauawa! Huu si mchezo!"

"Lia, mama, lia!" wakamwitikia kutoka mezani.

Devota, mwenye baa, akapanda akikata kiuno, akamchomekea noti kilembani. "Bibi wewe! Machozi yako yananiuzia bia!"

Verdiana akaudaka ule mkono, akaung'ata mpaka meno yakagonga mfupa. Devota akalia kama mbuzi anayechinjwa, na hapo baa ikanyamaza. Wakaiona damu. Kisha viti vikaruka. Wakamwangusha Kasian, wakamkanyaga, chupa zikapasukia mgongoni mwake.

"Ua! Ua mbwa huyo!"

Theodory alikuwa akikoroma, povu jekundu mdomoni. Hospitali ya wilaya, yenye daktari wa upasuaji, iko Kilosa. Madereva wengine wote walikuwa wamelewa tangu asubuhi. Verdiana akalisikia lile lori nje.

Akaiokota spana.

"Mpisheni mama ammalize!"

Akaizungusha. Mkono uliovunjika ulikuwa wa mtu aliyeinua jiwe. "Nani mwingine? Mkimuua huyu, nani atampeleka mume wangu?"

Wakarudi nyuma. Kasian alibaki na jicho moja linaloona.

"Mama, nisamehe, mimi nilidhani..."

"Ulidhani. Inuka uendeshe."

Lori likashika barabara ya Kilosa, Theodory kichwa mapajani mwa Verdiana, ncha ya spana mbavuni mwa Kasian. Kila Kasian alipopunguza mwendo kukwepa shimo, Verdiana aliisukuma.

Walipokuwa wanaingia Magomeni, pembezoni mwa mji wa Kilosa, mkoromo ukakatika. Kasian akasikia. Akakanyaga breki, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akaanza kulia.

"Endesha," Verdiana akasema.

"Mama, ameshaku..."

"Endesha!"