Nusu Saa Bila Kuzima Injini

Taa ya njano iliwaka tena kwenye dashibodi, na dereva wa gari la nguo za hospitali akaona leo hakwepi. Akampelekea fundi, naye akakagua, akafuta mikono.

"Kichungi cha ekzosi kimejaa masizi, dada. Safari zako fupi fupi, hakipati joto la kuyachoma. Shika barabara kuu nusu saa, injini ikivuma. Ukizima katikati, kazi bure."

Dereva alipita nyumbani kuchukua miwani, akamkuta baba mkwe wake kibarazani. Mzee aliendesha malori miaka thelathini, kisha akaacha ghafla, asimwambie mtu sababu. Aliposikia habari ya kichungi, udadisi ukamshinda, akapanda.

"Yaani siku hizi hata vyuma vinaoga vyenyewe!"

Walicheka. Lakini baada ya robo saa kwenye barabara kuu, harufu kali ya joto ikaingia ndani. Mzee akashika mkono wa mlango.

"Simama! Linaungua! Simama pembeni!"

Pembeni kulikuwa na majani makavu ya kufika magotini.

"Baba, ekzosi sasa ni kaa la moto. Nikisimama kwenye majani yale ndipo tutaungua kweli. Kinachoungua ni masizi tu, humo kichungini."

Mzee alifumba macho, jasho likimtiririka, na maneno yakamtoka. Lori lake liliwahi kuwaka mlimani. Mwenzake alikuwa amelala nyuma ya kiti.

"Niliruka, mwanangu. Sikumwamsha. Alitoka mwenyewe, miguu yote imeungua."

Mkwewe alitamani kumshika mkono, ila usukani haukumpa nafasi.

"Nakusikia, Baba. Endelea."

Akaendelea, kilomita kumi nzima. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuwahi kumsikia akisema mengi hivyo.

Taa ilipozimika, dereva aliegesha kwenye saruji ya kituo cha mafuta. Mzee akashuka, akainama kuchungulia uvunguni.

"Yule mwenzangu yu hai," alisema akiwa bado ameinama. "Ana duka la spea, hapo mbele tu."

"Tupite?"

"Leo hapana. Hospitali wanasubiri shuka zao. Jumamosi."

Jumamosi walikwenda. Mzee alikaa dukani kwa muda wa saa mbili. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na mwenye duka alimsindikiza hadi garini, akichechemea.